Baridi ya Endarasha na hita ya gesi ambayo bado hatujaiunda

Ukipanda matatu Nyeri mjini, ukapita Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ukapita Mweiga na kukata kona kuelekea Milima ya Aberdare, kuna mahali utajikuta unafunga zipu ya jaketi bila kuambiwa na mtu. Hapo unakaribia Endarasha. Eneo hili la Kieni Magharibi liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti jua huweza kujificha nyuma ya mawingu siku nyingi mfululizo. Usiku nyuzijoto hushuka chini ya 10. Keja za kupanga nazo, nyingi ni za mabanzi na mabati. Upepo unaingia upande huu na kutokea ule.

Kila msimu huo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya baridi kwa wakazi wa nyanda za juu. Na kila msimu, mahali fulani katika maeneo haya, tunasoma habari ile ile: watu wamelala na jiko la makaa ndani ya nyumba, asubuhi hawakuamka.

Sasa kwa vile vijana wengi wamehamia gesi ya kupikia, swali linajileta lenyewe. Kama mtungi uko tayari kwa nyumba, kwa nini usitumike pia kuota joto? Swali ni zuri. Jibu lake si lile ambalo watu wengi hulikimbilia, la kuwasha meko na kuacha moto uwake tu hadi chumba kipate joto. Na ukilifuata jibu hadi mwisho, unakuta kuna kifaa ambacho Endarasha inakihitaji sana na ambacho karibu hakuna mtu anayekiunda hapa nchini.

Hebu tuanze na jiko la makaa, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Makaa yanapowashwa yanatoa moshi, kila mtu anakohoa, jiko linaachwa nje. Baada ya nusu saa moshi unaisha, makaa yanakuwa mekundu, mtu anasema, "Sasa limeshika," analiingiza ndani na kufunga mlango. Huo ndio wakati mbaya kabisa. Umewahi kuona ule mwali wa samawati unaochezacheza juu ya makaa? Hiyo ni kaboni monoksidi ikiungua. Hewa inayoingia chini ya jiko kwanza hugeuka kaboni dioksidi, halafu ikipanda katikati ya makaa mekundu inanyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kuwa kaboni monoksidi. Mwali wa samawati ukizimika huku makaa yangali mekundu, sumu hiyo inatoka mbichi, bila kuungua, na kujaa chumbani.

Haina rangi wala harufu. Uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, kwa hivyo haitui sakafuni wala haipai darini, na kulala juu ya kitanda badala ya chini hakukusaidii chochote. Ikiingia mwilini hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chumba kikiwa na sehemu 400 za sumu hii kwa kila milioni moja za hewa, kichwa kinaanza kuuma ndani ya saa moja au mbili. Zikifika 1,600, saa mbili zinatosha kuua. Aliyelala hasikii kichwa kikiuma.

Gesi inaungua safi kuliko makaa. Mwali wake ukiwa wa samawati na umetulia, kaboni monoksidi inayotoka ni kidogo mno. Lakini safi kuliko makaa haimaanishi safi. Kilo moja ya gesi ya kupikia huhitaji takriban mita 12 za ujazo za hewa ili iungue vizuri, na ikishaungua inakuachia kama kilo tatu za kaboni dioksidi na zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Ndiyo, maji. Yanatoka kama mvuke, hayaonekani, kisha yanatua kwenye mabati baridi na kuanza kudondoka. Ukiwahi kulala kwenye chumba kilichopashwa joto kwa meko ukaamka blanketi lina unyevu na ukuta unanuka ukungu, sasa unajua chanzo.

Kibaya zaidi, oksijeni ya chumba inapopungua, mwali ule safi unabadilika. Unaanza kuwa wa manjano, unarefuka, sufuria inashika masizi. Hapo gesi inatengeneza kaboni monoksidi kama makaa tu. Wengine huweka tofali au chungu juu ya bana wakiamini kinaongeza joto. Hakiongezi hata kidogo, maana joto linatoka kwenye gesi, tofali linalihifadhi tu. Linachofanya ni kuupoza mwali kabla haujamaliza kuungua, na hiyo ni njia nyingine ya kutengeneza sumu.

Usishawishike pia na hita za vifaranga. Wafugaji wa kuku wanazijua: zile zenye kigae cha seramiki chenye vitundu vidogo, kinachogeuka chekundu na kurusha joto chini. Ni kifaa kizuri sana. Mwanga wake wa joto hupasha kilicho mbele yake badala ya kupoteza nguvu kupasha hewa yote. Lakini kimeundiwa banda lenye nafasi za kupitisha hewa. Hakikuundiwa chumba cha futi kumi kwa kumi chenye blanketi, pazia na mtu aliyelala.

Kwanza chumba, halafu hita

Kabla ya kuunda hita yoyote, piga hesabu ya joto linalopotea. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, urefu wa mita mbili na nusu, kuta za mbao, paa la mabati bila dari. Nje ni nyuzi 8 na wewe unataka 18 ndani. Sitaki anasa ya nyuzi 25, nataka tu mtu aweze kusoma bila glavu. Kwa makadirio ya kawaida ya uhandisi, mabati peke yake yatapitisha zaidi ya wati 600, kuta zipitishe kama 900, na hewa inayopenya kwenye nyufa ibebe nyingine 150 hivi. Jumla ni karibu kilowati 1.7, muda wote unaotaka joto.

Sasa weka dari, na upande wa ndani wa kuta upige jipsamu au ukandike udongo, ukiacha nafasi ndogo ya hewa katikati. Hesabu inashuka hadi chini ya wati 800. Hujanunua hita bado na tayari umepunguza gharama yake kwa zaidi ya nusu. Najua kuna njia ya bei rahisi ambayo wengi wamekulia ndani yake: katoni na magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani kwa uji. Inazuia upepo vizuri, siwezi kukataa. Lakini karatasi na hita ya moto havikai chumba kimoja.

Na Endarasha hakuna anayehitaji kuambiwa moto ni nini. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha Academy, bweni lililojengwa kwa mbao, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Silitaji hili kwa sababu lina uhusiano na hita. Nalitaja kwa sababu mtu yeyote anayetaka kuleta kifaa chenye mwali katika nyumba za mbao za eneo hili anapaswa kuanza na swali ambalo wazazi wa hapa watamuuliza kwanza: kikiharibika usiku, watu wote wakiwa wamelala, kitafanya nini?

Hilo ndilo swali la kuunda hita. Kiasi cha joto inachotoa kinakuja baadaye.

Hita inayopumua nje

Hita za gesi duniani zimegawanyika katika koo tatu hivi. Ya kwanza ni ile inayouzwa sana: kabati lenye magurudumu, mtungi umefichwa ndani nyuma yake, vigae vya seramiki mbele. Haina bomba la moshi. Kwenye makaratasi joto lake lote linabaki ndani, lakini pamoja na joto unabakishiwa maji, kaboni dioksidi na chochote kingine. Ndiyo maana maelekezo yake yanakuambia uache dirisha wazi, na ukiacha dirisha wazi Endarasha saa nne usiku, umenunua hita ya kupasha Aberdare.

Hita nzuri za ukoo huu huwa na kinga mbili ambazo kila kijana anayependa kushikashika vifaa anapaswa kuzielewa. Moja ni themokapo, kijiti cha metali mbili zilizounganishwa kinachokaa ndani ya mwali mdogo wa kuwashia. Kikipata moto kinazalisha umeme kidogo mno, milivolti chache tu, lakini unatosha kushikilia vali ya gesi ikiwa wazi. Upepo ukizima mwali, kijiti kinapoa, umeme unaisha, na ndani ya dakika moja hivi vali inajifunga yenyewe. Haihitaji betri wala stima wala mtu aliye macho. Meko yako haina kitu hiki. Ikizimwa na upepo au na uji uliofurika, gesi inaendelea kutoka.

Kinga ya pili inajenga juu ya ya kwanza. Mwali ule mdogo unaundwa kwa namna kwamba oksijeni chumbani ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi karibu 18, unarefuka na kuikimbia themokapo. Kijiti kinapoa, hita inazima. Mtu aliyewaza hivyo alikuwa na akili: hatari yenyewe ndiyo inayozima kifaa.

Lakini hapa kwetu kuna tatizo ambalo muuzaji wa mtandaoni hatakuambia. Endarasha ni juu. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa. Ule mwali mlinzi hauwezi kutofautisha chumba kilichoishiwa oksijeni na mlima. Kuna mtengenezaji maarufu wa Marekani anayeandika wazi kwamba hita zake huweza kujizima zikitumiwa juu ya futi 7,000, yaani kama mita 2,130. Kwa hivyo unaweza kununua hita halali, yenye kinga zote, ukaileta nyumbani, na ikawa inazima kila baada ya dakika chache. Kishawishi kinachofuata unakijua: fundi wa mtaani anaifungua na kukwepa ile kinga ili "ifanye kazi". Itafanya kazi kweli, hadi usiku ule ambao kinga ilitakiwa izime.

Mwinuko una shida nyingine tena. Tundu la gesi kwenye bana, ambalo kwa hita ndogo ni dogo kuliko milimita moja, hupimwa kwa hewa ya pwani. Likiletwa juu linatoa gesi nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Kanuni inayotumika Marekani ni kupunguza nguvu ya kifaa kwa asilimia nne kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Endarasha hiyo ni zaidi ya robo nzima. Kwa hivyo hita ya kilowati tatu iliyonunuliwa Nairobi na kuwashwa Kieni bila kubadilishwa tundu itaelekea kuwaka manjano. Huo si ufundi mgumu, ni tundu la shaba linalofunguliwa kwa spana, ila lazima mtu ajue kwamba linahitaji kubadilishwa.

Ukoo wa pili una dohani: bomba linalopeleka moshi juu ya paa, lakini hewa ya kuchomea bado inatolewa chumbani. Ni afadhali, ila si mwisho wa maneno. Mwaka 2010, katika jimbo la Victoria nchini Australia, watoto wawili wa familia moja walifariki usingizini kwa sumu ya kaboni monoksidi iliyotoka kwenye hita ya gesi ya nyumbani. Dohani hufanya kazi kwa sababu hewa moto hupaa, lakini feni ya bafuni au ya jikoni ikivuta kwa nguvu kuliko dohani, moshi unarudi ndani, na wataalamu wa huko huionya kila nyumba kuhusu hilo. Tangu 2021, wenye nyumba za kupangisha katika jimbo hilo wanalazimika kisheria kuleta fundi mwenye leseni akague vifaa vya gesi kila miaka miwili. Fikiria landilodi wako akipigiwa simu hiyo.

Ukoo wa tatu ndio nilioujia. Hita imefungwa kabisa, kama sanduku. Ukutani kuna tundu moja, na ndani yake kuna bomba mbili, moja ndani ya nyingine. Hewa baridi ya nje inaingia kupitia bomba la nje, inachoma gesi ndani ya sanduku, na moshi unatoka kupitia bomba la ndani. Hewa ya chumbani haikutani na moto hata mara moja. Inapita tu nje ya sanduku, inapata joto kwenye bati lake na kupanda.

Angalia mambo ambayo mpango huo mmoja unayamaliza. Mwali ukichafuka, sumu inaenda nje. Maji nayo yanaenda nje, kwa hivyo ukuta haunuki. Huhitaji kuacha dirisha wazi kwa ajili ya moto, utaacha mwanya mdogo tu wa wewe kupumua. Ukuta wa mbao unagusana na bomba la nje, ambalo lina hewa baridi ndani yake, na lile la moto limejificha katikati. Hewa inayoingia inapata joto kutoka kwa moshi unaotoka, kwa hivyo kinachopotea kinapungua. Na upepo? Upepo wa Aberdare ukipiga ukuta unasukuma mahali pa kuingilia na pa kutokea kwa nguvu ile ile, kwa kuwa vyote viko sehemu moja, na mwali hauyumbi sana. Hita za namna hii zimetumika Ulaya na Japani kwa miongo mingi. Si teknolojia ya kesho.

Kasoro yake ni kwamba asilimia 20 hadi 30 ya joto hutoka na moshi. Tukichukua robo, chumba chetu kisicho na dari kitahitaji gesi ya kilowati 2.3, na kile chenye dari kilowati moja na kidogo. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu uniti 13 za stima. Ukiwasha saa nne kila jioni, chumba cha kwanza kitakula kama gramu 700, cha pili gramu 330 hivi. Mtungi wa kilo sita utadumu jioni nane kwa cha kwanza, 18 kwa cha pili. Tuseme unajaza kwa shilingi 1,200: ni shilingi 140 kwa jioni dhidi ya 65. Hita ni ile ile. Tofauti ni dari tu.

Mtungi ukae nje

Katika mpango huu mtungi haukai chumbani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, propani kwa mara moja na nusu, butani kwa mara mbili, kwa hivyo ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda. Ikae nje, kwenye kibanda chenye matundu chini, mbali na mtaro, na bomba gumu la shaba liingize gesi ndani badala ya paipu ya mpira inayopita chini ya zulia.

Ila mtungi ukikaa nje Endarasha utalalamika. Butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Gesi tunayouziwa ni mchanganyiko wa zote mbili, na hita inapovuta kwa saa nyingi, mtungi wenyewe unapoa zaidi ya hewa inayouzunguka, ndiyo maana unauona umetoa jasho au hata barafu. Kwa hita ya kilowati mbili hilo si tatizo kubwa, moto utafifia kidogo mtungi ukikaribia kuisha. Tatizo ni anayeubeba mtungi na kuuweka karibu na jiko ili "ushike". Usifanye hivyo kamwe.

Na uwe mtungi wa muuzaji halali. Usiku wa Februari 1, 2024, Embakasi jijini Nairobi, tuliona kinachotokea gesi inapojazwa mahali pasipo na kibali. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya leseni ya kituo hicho. Mtungi uliojazwa kichochoroni unaweza kuwa na vali iliyochoka ambayo hakuna aliyeipima, na hita yako, hata iundwe na nani, inaanzia kwenye vali hiyo.

Ongeza ving'ora viwili na ujue tofauti yao. Cha gesi inayovuja kinakaa chini, karibu na sakafu. Cha kaboni monoksidi kinakaa usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. Watu huvinunua na kuviweka pamoja juu ya mlango, na kile cha gesi kinabaki pambo.

Nani ataiunda?

Nimeangalia orodha ya vipande vyake na sioni kitu cha ajabu. Sanduku la bati nene lililochomelewa likapimwa lisipitishe hewa. Bomba mbili za chuma kisichoshika kutu. Dirisha dogo la kioo kisichopasuka kwa moto, ili uone rangi ya mwali. Mfuniko wa nje wa kuzuia mvua na nyuki. Fundi wa jua kali anayetengeneza matangi na milango anaweza hizo kazi zote. Asichopaswa kujaribu kutengeneza ni vali, themokapo na regulata. Hizo zinunuliwe kutoka kiwandani zikiwa na nembo ya ubora. Na kabla mtu yeyote hajalala nayo chumba kimoja, iwashwe siku nyingi mahali pasipo na watu, viungo vipakwe sabuni kutafuta mapovu, na kipimo cha kaboni monoksidi kiwekwe kando yake, mlango umefungwa, upepo ukivuma, tena hapo hapo juu mlimani si Nairobi.

Tumewahi kufanya jambo kama hili. Mapema miaka ya 1980 wataalamu walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, wakalibadilisha pamoja na mafundi wa jua kali, wakaweka udongo wa kuchomwa ndani ya bati, na likazaliwa lile jiko lenye kiuno chembamba ambalo leo kila mtu analijua. Lilipunguza matumizi ya makaa kwa theluthi moja au zaidi na likasambaa katika nchi nyingine za Afrika. Lilikuwa ushindi halali. Ni hilo hilo pia ambalo watu huliingiza chumbani usiku, kwa sababu lilitatua shida ya kupika na hakuna aliyeshughulikia shida ya baridi.

Dedan Kimathi wana idara ya uhandisi wa mitambo, si mbali na baridi yenyewe. Nyeri kuna pia chuo cha kitaifa cha ufundi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutafuta mradi kila mwaka, na mradi huu una kila kitu: mahesabu, kulehemu, majaribio, na mteja anayetetemeka. Kibali kitatoka kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, na hapo safari ni ndefu, wacha nisikudanganye.

Kikwazo kilichobaki hakina uhusiano na uhandisi. Hita hii inataka tundu ukutani, kama sentimita 15 za upana, na wewe ni mpangaji. Ukiuliza landilodi, atakuambia nyumba yake haitobolewi. Kwa hivyo pengine wa kwanza kuuziwa si kijana wa bedsita bali yeye, kabla hajapiga mabanzi ya ploti inayofuata: aache tundu moja kwa kila chumba, alizibe kwa kifuniko cha bati, na aandike kwenye kibao cha nyumba za kupangisha kwamba zina dari na mahali pa hita. Endarasha, mwezi wa Julai, naamini hatakosa wa kupiga simu.